Meli za Barua za Astère

Kama una karatasi yoyote ya maana na unaishi upande wa kusini wa Johannesburg, Joséline ameshakuuliza umeitia plastiki au bado. Hakuulizi umeamkaje, hakuulizi watoto hawajambo. Vyeti vya ubatizo, vyeti vya ndoa, kadi za kliniki, diploma za ususi zenye picha zilizopauka, vyote vimepita kwenye mashine yake pale La Rochelle, katika kiduka kilichobanwa kati ya spaza ya Exaucé, ile ya mkate na sukari, na saluni ya Wakongomani. Karatasi inaingia huku ikiwa legevu, inatoka kule imekakamaa, inang'aa, bado ina joto. Joséline huishika kwa kingo, huipuliza, ndipo akukabidhi. "Hii sasa," anasema, "hata ukizama nayo mtoni, wewe utakufa, yenyewe itabaki."

Na mtu asimcheke, maana hajui alikotoka. Joséline alisomea ualimu kwao Burundi, akamaliza, akapewa karatasi yake. Vita vilipomfukuza aliibeba kifuani, mvua ikamnyeshea njia nzima mpaka kambini upande wa Tanzania, na alipoitoa ilikuwa uji mtupu. Ualimu wake ukaishia hapo. Kila ofisi aliyoingia ilimuuliza karatasi iko wapi, na yeye alikuwa na maelezo tu. Maelezo, jamani, kila mkimbizi anayo! Kwa hiyo alipofika Afrika Kusini na kupata senti zake za kwanza, hakununua kitanda. Alinunua mashine ya kutia plastiki.

Sasa huyo mtu, Mungu akampa mume anayekusanya karatasi nzee kuliko zote mjini, na asiyetaka hata moja iguswe na plastiki. Nyumba moja, wapenda karatasi wawili, na juu ya karatasi hawakupatana hata siku moja.

Mume mwenyewe ni Astère. Astère alikuwa mlinzi wa geti kwenye nyumba moja ya mnada katikati ya mji, mahali ambapo watu huleta makabati na sahani za wazee wao waliofariki. Kilichokosa mnunuzi kilitupwa kwenye pipa, na pipa lilikaa karibu na kiti cha mlinzi. Siku moja akaokota humo kadi ndogo, nene, yenye picha ya rangi: meli ya mvuke, milingoti na dohani pamoja, mawimbi yamefura. Nyuma ya kadi palikuwa na safu za tarehe. Alizisoma zote akiwa amesimama, mpaka gari lililotaka kuingia likampigia honi mara mbili.

Ilikuwa kadi ya kampuni ya meli za barua, zile zilizovuka bahari ya Atlantiki kutoka Liverpool kwenda New York katika karne ya kumi na tisa. Serikali ilizilipa zibebe barua, na kwa sababu hiyo hazikuwa na ruhusa ya kungoja mtu. Zikitangaza Jumamosi, zinaondoka Jumamosi, mizigo imejaa haijajaa, bahari imetulia haijatulia. Na ratiba ya mwaka mzima ilichapwa mapema, ikagawiwa watu mitaani kwa kadi nzuri za rangi.

"Joséline, tazama hapa," Astère alimwambia alipofika nyumbani, hata kofia ya kazi hajavua. "Januari walishajua Agosti wataondoka siku gani."

"Na sisi inatusaidia nini?"

"Hujanielewa. Walikuambia siku. Halafu siku yenyewe ikafika. Halafu ukaondoka."

Joséline alimtazama, akaona macho yake yamelowa, akaacha kumtania. Alimwelewa vizuri mno. Maisha yao yote wawili yalikuwa ya njoo wiki ijayo, njoo mwezi ujao, jina lako bado, mfumo umeanguka, foleni imefungwa. Mtu wa namna hiyo mpe kadi inayosema Jumamosi na ikamaanisha Jumamosi, kwa nini asiipende?

Basi ndiyo ikaanza. Kila Jumapili ya mapumziko Astère alizunguka kwenye masoko ya vitu vikuukuu, akipekua maboksi ya postikadi na vitabu vilivyovunjika mgongo. Akaleta menyu za chakula cha mchana baharini, zenye bendera ya kampuni iliyochapwa ikatuna kidogo juu ya karatasi. Akaleta lebo za kubandika kwenye masanduku ya abiria, kadi za kuonyesha nani anakaa meza ipi, ramani ya vyumba vya meli iliyokunjwa mara nyingi. Alijiunga hata na klabu ya wakusanyaji iliyokutana Newtown mara moja kwa mwezi. Alikuwa akifika na sare ya ulinzi moja kwa moja kutoka kazini, na mara ya kwanza walidhani amekuja kuwalinda.

Kulikuwa na utani wao wa nyumbani. Joséline akichoka, akikaa kitandani na kuuliza, "Astère, tutarudi lini kwetu?" yeye alitoa ile kadi ya kwanza na kupitisha kidole kwenye safu za tarehe kwa makini yote.

"Jumamosi, tarehe kumi na nne Agosti."

"Ya mwaka gani?"

"Elfu moja mia nane themanini na sita."

"Eish! Nitawahi kufunga mizigo?"

"Uanze sasa hivi, mke wangu. Hawangoji mtu."

Walicheka. Lakini chini ya kicheko hicho palikuwa na ziwa, na wote wawili walilijua. Astère alizaliwa Bujumbura, baba yake alikuwa mpakiaji bandarini, na utotoni aliweza kutambua kila meli ya ziwa kwa mlio wake kabla haijaonekana. Akiwa Johannesburg, mji usio na ziwa wala bahari, alikuwa akiota milio ile. Alitafuta sana tiketi moja, ratiba moja, kipande chochote cha karatasi cha zile meli za utoto wake, asipate. "Zetu hakuna aliyeziweka," aliwahi kumwambia mkewe. "Basi acha niweke za wenzetu."

Alizihifadhi kwenye bahasha za karatasi ya kawaida, ndani ya boksi la mbao juu ya kabati. Joséline lilimkera boksi hilo. Kila alipopita chini yake alihisi mvua ile ya kambini.

"Nipe nizitie plastiki. Siku moja tu, nazimaliza zote."

"Ziache zipumue."

"Karatasi ina mapafu?"

"Ina."

"We mwanamume, siku zikiharibika usije ukanililia mimi."

Hazikuharibika. Aliyeondoka ni yeye. Majira ya baridi ya mwaka jana Astère alianguka pale getini, asubuhi, kikombe cha chai mkononi, na moyo wake haukuamka tena.

Kwetu, mtu akifa, msiba haufungwi siku ya kuzika. Watu wa Burundi husubiri karibu mwaka, ndipo ukoo ukutane, watu wanywe, waseme yao, na vitu vya marehemu vigawiwe ili kila mmoja aondoke na kitu chake. Siku hiyo huitwa kugandura. Baada ya hapo mjane huvua huzuni, na jina la marehemu huanza kutajwa kwa sauti ya kawaida. Aliyepaswa kuiongoza alikuwa Emery, kaka mkubwa wa Astère, fundi cherehani wa Durban, mtu mkavu, asiyependa mambo ya mzunguko.

"Shemeji," alisema kwenye simu, "makoti tutagawa, viatu tutagawa, redio tutagawa. Na yale makaratasi ya meli tutagawa."

Kwa Joséline, koti la mume lichukuliwe, sawa. Lakini lile boksi lilikuwa Astère mzima. Macho yake yalikuwa humo, vidole vyake, Jumapili zake zote. Ukiyagawa, huyu anaondoka na Jumapili moja, yule anaondoka na nyingine, na jioni mume wako amekwisha.

"Shemeji, boksi liache. Nakuomba."

"Mila ni mila."

"Lina mahali pa kwenda," alisema Joséline, na alisema kweli. Yule rafiki wa Astère kwenye klabu, Bwana Moonsamy, mzee wa Kihindi wa Lenasia aliyefanya kazi ya uchapaji maisha yake yote, alikuwa amekuja kutoa pole na akaleta ujumbe. Klabu ilitaka kuonyesha mkusanyiko wote wa Astère katika maonyesho yao ya mwaka pale Newtown, ndani ya makabati ya kioo, na juu yake liandikwe jina: Astère Nzobonimpa. Baadaye waliahidi kuutunza pamoja, bila kuutenganisha.

Sauti ya Emery ikalegea. "Jina la mdogo wangu litaandikwa ukutani? Jina lote?"

"Lote."

"Basi likiandikwa, sitagusa hata karatasi moja. Lisipoandikwa, tunagawa. Tumeelewana?"

Walielewana. Na tangu siku hiyo Joséline alikuwa na jambo moja tu duniani: boksi lifike Newtown salama, zima, na jina juu yake. Alilala nalo, akaamka nalo. Wateja walimwona anatabasamu peke yake mbele ya mashine. Alikuwa analiona lile jina ukutani, na watu wanapita chini yake wakijitahidi kulitamka.

Halafu ikaja mvua ya mawe. Mnaijua mvua ya mawe ya Johannesburg mchana wa kiangazi, jinsi inavyokuja bila hodi. Bati la chumba chao lilipasuka pembeni, maji yakatiririka ukutani mpaka juu ya kabati. Joséline alirudi kutoka dukani akakuta upande mmoja wa boksi umelowa. Alipiga kelele mpaka majirani wakatoka. Alilifungua pale pale. Karatasi zilikuwa nzima, bahasha moja tu ndiyo iliyopata unyevu, lakini huyo hakuwa Joséline wa La Rochelle tena, alikuwa yule msichana wa kambini anayetoa uji kifuani.

Alibeba boksi lote dukani, akawasha mashine.

Binti yake Sonia, aliyezaliwa hapa hapa, anayesikia Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza, alisimama mlangoni mwa duka na begi lake la chuo. Alimwambia mama yake kwamba baba hakutaka.

"Baba yako hakutaka mengi. Hakutaka hata daktari."

Sonia akasema labda wampigie kwanza Bwana Moonsamy.

"Nimpigie kumuuliza nini? Kama mtu aache kitu kilowe mvuani au asiache? Nenda kasome, mwanangu. Hii kazi naijua."

Na kweli aliifanya vizuri. Hakuwahi kuifanya vizuri hivyo. Kingo zilizochakaa alizinyoosha kwa mkasi. Menyu zilizokunjwa alizikata katikati ili pande zote mbili zionekane. Ramani ya vyumba vya meli ilikuwa kubwa kuliko mdomo wa mashine, basi aliikata vipande vinne, akaandika nyuma ya kila plastiki namba ya mpangilio. Alipokuwa akifanya kazi aliongea na mumewe. "Unaona? Unaona jinsi rangi ilivyotoka? Miaka yote unanikatalia." Kila meli iliyotoka kwenye mashine aliipuliza, akaiweka juu ya nyingine. Alikuwa na furaha, tena furaha kubwa, kwa mara ya kwanza tangu amzike.

Bwana Moonsamy alikuja Jumamosi mchana, amefunga tai. Joséline alikuwa ametandika kitambaa cheupe mezani na kuzipanga zote, kampuni kwa kampuni, na jua la dirishani lilizipiga hadi dari lilimetameta. Mzee alisimama mlangoni. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akaomba maji ya kunywa.

Joséline alikimbilia maji akijua mzee amezidiwa na uzuri. Aliporudi alimkuta ameshika menyu moja, anapitisha kidole gumba pale penye bendera ya kampuni, mara ya kwanza, mara ya pili, kama anayetafuta kitu alichokidondosha.

"Zote, Mama Sonia?" aliuliza. Waliongea Kiingereza, kila mtu na chake.

"Zote! Hata ile ramani kubwa. Niliikata vipande vinne, lakini nimeviwekea namba."

Mzee akakaa. Akanywa maji yote, na hapo ndipo Joséline alipoutazama uso wake sawasawa.

"Nimekosea."

"Mama Sonia..."

"Usinionee huruma. Niambie."

Akamwambia, kwa upole, macho yake yakiwa kwenye glasi. Plastiki ile huyeyuka na gundi yake ikaingia ndani ya karatasi, na ukitaka kuitoa, karatasi inatoka nayo. Bendera iliyotuna imelazwa na mashine, haipo tena. Kingo zilizochakaa ndizo zilizoonyesha ukweli wa kitu, nazo zimekatwa. Yeye binafsi angezitundika nyumbani kwake hata hivi zilivyo. Lakini klabu ina sheria zake, na karatasi zilizofanywa hivi haziingii kwenye maonyesho. Alikuwa anajua watakachosema wenzake, alisema, na asingependa Mama Sonia akisikie.

"Na jina?"

"Bila mkusanyiko, Mama, hakuna mahali pa kuliandika."

Joséline hakulia. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda akiwa ameweka mikono yake magotini, akaitazama mikono hiyo.

"Mimi sina hasira nawe," Bwana Moonsamy alisema akiwa anaondoka. "Ulifanya kwa mapenzi. Astère naye asingekuwa na hasira."

"Wewe ulimjua Astère wa klabu," alijibu Joséline. "Mimi nilimjua wa nyumbani. Angekasirika sana."

Mzee alipokwenda, alichukua wembe. Alichagua lebo moja ndogo ya sanduku, akapasua plastiki pembeni, akaivuta taratibu. Anga la buluu likabaki kwenye plastiki, meli ikabaki kwenye karatasi, na katikati pakawa na manyoya meupe. Akaacha.

Sasa hapa ndipo pa kushangaza. Kila mtu aliyemweleza kosa lake alimsamehe. Sonia alimkumbatia, akamwambia si kitu, Mama, si kitu. Wanawake wa saluni walikuja kuzitazama wakasema, mbona zimependeza hivyo! Chloé, msusi mkubwa, aliomba moja ya kutundika karibu na kioo. Exaucé alisema huo ndio uhifadhi, kile alichokuwa akifanya marehemu ni kubahatisha. Mchungaji alimwombea. Emery mwenyewe, alipopigiwa simu, alicheka kicheko chake kifupi. "Shemeji, wewe unalia nini? Si ndiyo zimekuwa imara? Basi tutazigawa, hata watoto watashika."

Usiombe kusamehewa namna hiyo. Kila aliyemwambia si kitu alimwacha mpweke zaidi. Walimsamehe kirahisi kwa sababu hawakupoteza chochote, na aliyepoteza hakuwepo. Na Joséline alianza kumtamani mumewe kwa namna ambayo hakuwahi kumtamani mwaka mzima ule. Hakumtamani akicheka. Alimtamani amenuna. Astère alikuwa na kununa kwake maalumu: hakupiga kelele, hakutukana, alivaa tu kofia ya kazi humo humo ndani na kuacha kusema na mkewe. Akitaka chai, aliliambia birika. "Birika, kama kuna mtu ana chai, mwambie nipo." Siku ya pili birika lilianza kujibiwa. Siku ya tatu kofia ilivuliwa. Joséline alikuwa akizichukia siku hizo kupita maelezo. Sasa alikaa jikoni akingoja mtu aliambie birika, na moyo ulimuuma hadi akashika kifua.

Siku ya kugandura ilifika na mkusanyiko ukiwa kwenye mfuko wa plastiki, hata boksi halikuhitajika tena. Walikodi ukumbi wa kanisa Doornfontein. Kwetu ingetengenezwa pombe ya mtama, lakini mama mmoja Mzulu wa jirani aliwapikia umqombothi, pombe ya kwao, na wazee walipoonja walitazamana, wakakubali kwamba huyu ni ndugu. Walikuja Warundi wa Doornfontein na wa Rosettenville, Wakongomani wa saluni wote, walinzi wenzake Astère, na Bwana Moonsamy na tai yake, ameketi karibu na ukuta.

Emery aligawa kwa utaratibu. Koti kwa huyu, redio kwa yule, viatu kwa kijana wa dada yao. Ikafika zamu ya meli. "Shemeji, zigawe wewe," alisema. "Mkono wako ndio unaozijua."

Joséline akasimama na mfuko. Alikwenda meza kwa meza. Hii ilikuwa ya Liverpool. Hii menyu, walikula supu ya kobe, aliipenda kwa sababu alisema hawezi kuamini. Hii lebo ya sanduku, alibadilishana na mtu kwa saa yake ya mkono. Sauti yake ilikuwa imara kuliko alivyotegemea. Watu walizipokea kwa mikono miwili, wakazigeuza kwenye mwanga, wakaziweka mezani kati ya chupa. Mmoja alimwagikiwa na umqombothi juu ya meli yake, akaifuta kwa kiganja, akainua aonyeshe wenzake: kavu! Ukumbi ukashangilia. Bwana Moonsamy naye alipewa yake, kipande kimoja cha ile ramani, akakibusu bila aibu.

Sonia alichukua ya mwisho. Joséline hakuwa amejiwekea. Alirudi kwenye kiti chake akiwa na mfuko mtupu, akaukunja, akaukunja tena.

Emery akainuka. Kabla msiba haujafungwa lipo swali, na mkubwa wa ukoo ndiye anayeliuliza. "Kama kuna mtu ana kinyongo na nyumba hii," alisema kwa sauti ya shughuli, "awe anacho na marehemu au na mjane wake, aseme leo. Tukishafunga, tumefunga."

Kimya. Kimya ndicho jibu linalotakiwa, na watu wanajua, ndiyo maana waliinamisha macho. Emery alivuta pumzi afunge.

"Ngoja, shemeji."

Joséline alikuwa amesimama. Watu waligeuka. Vichwa viliinamiana: kumbe, mjane ana neno?

"Wewe una kinyongo?" Emery aliuliza.

"Mimi sina."

"Nani basi?"

Joséline akageuka. Alikuwa anautazama mlango wa ukumbi, ule ulioachwa wazi kwa ajili ya joto.

"Uliza tena," alisema.

"Nimeshauliza, shemeji. Umesikia."

"Uliza tena, nakuomba. Polepole. Na unitaje jina."

Emery aliacha kubishana. Nilisema ni mtu mkavu, na ni kweli, lakini alikuwa kaka yake yule mtu. Aliweka glasi yake chini. Alijikohoza, akageuka akautazama mlango vile vile.

"Kama kuna mtu," alisema, na haikuwa tena sauti ya shughuli, "ana hasira na Joséline, kwa jambo lolote alilolifanya nyumbani kwake, aseme. Tunamsikiliza."

Wakamsikiliza. Ukumbi mzima ulisikiliza, na meli mikononi mwao. Nje, kwenye robot, zile taa za barabarani, gari lilipiga honi, likapita. Joséline alisimama wima, machozi yakimtoka waziwazi mbele za watu, akingoja kugombezwa. Hakuna aliyemgombeza.